Aliyevunjika mgongo huangaliwa miguu, kumbe kibofu ndicho huamua uhai wake

Barabara kuu inayotoka Kisii na kupitia Rongo, Awendo na mji wa Migori hadi mpakani Isebania haipumziki mchana wala usiku. Malori ya miwa, matatu na pikipiki za bodaboda hugombania lami moja. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo zisizozidi cc 250, bodaboda imekuwa kimbilio la vijana wengi waliokosa ajira katika kaunti za Migori na Homa Bay. Wenzao wa Nyatike huteremka katika mashimo ya dhahabu ambayo kuta zake huporomoka mara kwa mara, hasa nyakati za mvua.

Riziki hizi mbili, ya pikipiki na ya shimo, zina hatari moja inayofanana: kuvunjika mgongo. Na mtu anapovunjika mgongo, swali la kwanza la jamaa zake mbele ya daktari huwa lile lile. Je, atatembea tena?

Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, halihusu kitu kitakachoamua iwapo majeruhi huyo atakuwa hai baada ya miaka mitano. Kinachoamua zaidi ni kiungo ambacho wengi huona haya kukitaja hadharani, nacho ni kibofu cha mkojo.

Kuna mahali ambapo ukweli huu umefahamika kwa miongo mingi na kuzingatiwa bila kukosa. Mahali hapo ni maabara ya wanasayansi wanaochunguza majeraha ya uti wa mgongo kwa kutumia panya. Ukilinganisha utunzaji anaopewa panya huyo na ule anaoupata binadamu anayerejeshwa kijijini akiwa amepooza, utagundua pengo ambalo ni aibu kwa sera ya afya nchini.

Kinachotokea mwilini

Kibofu cha mtu mzima mwenye afya hufanya kazi mbili zinazopingana. Huhifadhi mkojo kwa saa kadhaa bila kuvuja, kisha huumwaga wote kwa wakati unaofaa. Ili hilo litimie, msuli wa kibofu na ule unaofunga mlango wake sharti vipokezane. Kimoja kikikaza, kingine hulegea. Amri ya upokezanaji huo hutoka katika ubongo na kupitia ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo hadi sehemu za chini za mwili.

Ugwe huo ukikatika au kupondeka, amri haifiki. Katika majuma ya kwanza kibofu hulala kabisa, kikajaa kama kiriba bila mgonjwa kuhisi lolote. Baadaye, iwapo jeraha liko juu ya sehemu ya chini ya uti, kibofu huamka, lakini huamka bila nidhamu. Hukaza wakati ambapo mlango wake nao umekaza. Shinikizo hupanda, mkojo ukakosa njia ya kutoka na kurudi nyuma kuelekea kwenye figo. Unaobaki kibofuni hugeuka kuwa makazi ya viini vya maradhi na chanzo cha mawe.

Kwa waliojeruhiwa juu zaidi, katika shingo au sehemu ya juu ya kifua, kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla kiasi cha kuhatarisha maisha. Dalili zake ni kuumwa na kichwa kupita kiasi, jasho na uso kuwa mwekundu. Dawa ya kwanza huwa kuondoa kinachosumbua, na mara nyingi hicho ni mkojo uliozuiwa na mpira uliokunjika au kuziba.

Historia inathibitisha uzito wa jambo hili. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi waliopooza kwa kujeruhiwa mgongo walifariki kwa wingi ndani ya majuma au miezi michache. Jeraha lenyewe halikuwa muuaji mkuu. Waliuawa na maambukizi ya njia ya mkojo pamoja na vidonda vya kulalia. Hali ilianza kubadilika mwaka 1944, Dkt Ludwig Guttmann alipofungua kituo cha majeruhi wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Yeye na mwenzake Hans Frankel walichapisha mwaka 1966 matokeo ya kumwaga mkojo kwa mpira unaoingizwa na kutolewa kila baada ya saa chache, badala ya kuachwa ndani. Mwaka 1972, Dkt Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alienda mbali zaidi. Alionyesha kwamba mgonjwa mwenyewe anaweza kufanya kazi hiyo nyumbani kwa mpira ulio safi tu, pasipo masharti yote ya chumba cha upasuaji.

Hoja ya Lapides ilikuwa nyepesi kueleweka. Kilicho hatari zaidi ni kibofu kuachwa kijae kupita kiasi na kukaa na mkojo, kuliko viini vichache vinavyoweza kuingia na mpira. Zaidi ya nusu karne imepita tangu fundisho hilo litolewe.

Zamu isiyovunjwa ya maabara

Katika maabara, panya aliyejeruhiwa uti wa mgongo kwa ajili ya utafiti hawezi kukojoa mwenyewe katika siku za mwanzo. Mtafiti au msaidizi wake humshika, akapapasa tumbo la chini kwa vidole na kukikamua kibofu taratibu hadi kiishe. Kazi hii hufanywa mara 2 au 3 kwa siku. Haijui Jumapili wala sikukuu. Mkojo hutazamwa rangi na harufu, na ukiwa na damu au utusitusi, panya huyo hutibiwa. Uzani wake hupimwa, maji anayokunywa huangaliwa, na yote huandikwa katika daftari.

Kwa panya wengi, kibofu huanza kujimwaga chenyewe baada ya wiki 1 au 2 hivi. Kwa wale wadogo zaidi, yaani panya wa jamii ndogo wanaotumiwa katika utafiti wa jeni, kukamuliwa huweza kuendelea hadi mwisho wa jaribio.

Bidii hii ina sababu mbili. Ya kwanza ni ya kisayansi. Kibofu kikipasuka au figo zikiharibika, panya hufa kabla dawa inayojaribiwa haijaonyesha lolote, na fedha za utafiti huwa zimeteketea. Mtafiti akizembea katika ukamuaji, hata matokeo kuhusu miguu hayaaminiki, kwa kuwa mnyama mgonjwa hatembei vyema hata kama neva zake zimepona.

Sababu ya pili ni ya kimaadili. Tangu William Russell na Rex Burch walipochapisha mwaka 1959 kanuni za kupunguza mateso ya wanyama katika utafiti, kamati za maadili zimekuwa zikidai kuelezwa mapema jinsi mnyama atakavyotunzwa. Nchini Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inataka majaribio ya namna hiyo yafanywe kwa leseni. Kwa ufupi, mtafiti asiyeweza kueleza nani atakikamua kibofu cha panya saa 2 usiku hapewi idhini ya kumjeruhi.

Utafiti huo umezaa matunda. Profesa William de Groat na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, waliwachunguza paka na kubaini kuwa baada ya jeraha, nyuzi fulani za neva ambazo kwa kawaida huwa kimya ndizo hushika usukani wa kibofu. Nyuzi hizo hunyamazishwa na kiini kile kile kinachofanya pilipili iwashe. Nchini Uingereza, Profesa Giles Brindley alieleza mwaka 1977 kifaa cha umeme alichokijaribu kwa nyani ili kumwaga kibofu, na baadaye kikawekwa katika miili ya binadamu.

Hata hivyo, panya si mtu, na ni muhimu tofauti hizo zitajwe. Panya ana desturi ya kukojoa kwa mipigo ya haraka ya msuli wa mlango, jambo ambalo binadamu hana. Watafiti wengi hupendelea panya jike kwa sababu njia yake ya mkojo ni fupi na ni rahisi kumkamua, ilhali wengi wa wanaovunjika mgongo duniani ni wanaume. Zaidi ya yote, kumkamua mtu tumbo kama anavyokamuliwa panya ni hatari. Mlango wa kibofu ukiwa umekaza, mkono unaobonyeza tumbo husukuma mkojo kuelekea juu kwenye figo. Jamaa anayefanya hivyo kwa nia njema huenda akamdhuru yule anayemsaidia.

Kwa hivyo, mbinu ya maabara haipaswi kunakiliwa vijijini. Kinachostahili kunakiliwa ni nidhamu yake, yaani kukubali kwamba kibofu hakingoji, kwamba lazima pawe na mtu anayejulikana wa kukishughulikia, na kwamba kila kitu kiandikwe.

Hali ilivyo kando ya ziwa

Chukua mfano wa kijana wa kubuni wa Karungu, katika eneo la Nyatike, aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki na kupooza kuanzia kiunoni. Atapelekwa kwanza katika zahanati au hospitali ya kaunti ndogo, kisha katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Migori, na huenda Kisii au Kisumu. Hospitali ya umma iliyobobea katika majeraha haya ni Hospitali ya Kitaifa ya Rufaa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo iliyoko Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwao. Historia ya hospitali hiyo ilianza katika miaka ya 1940, na vitanda vyake ni vichache mno kwa taifa zima.

Kijana huyo asipopata nafasi huko, au akishatoka, hurudi nyumbani. Wagonjwa wengi wa mashambani hurejea na mpira mmoja uliowekwa kibofuni na kuachwa humo, pamoja na mfuko wa kukusanyia mkojo. Mpira wa aina hiyo huhitaji kubadilishwa kila baada ya wiki kadhaa, kutegemea umetengenezwa kwa nini. Unapokaa kupita muda wake, huota ukoko, huziba na kualika maambukizi. Mfuko nao ukipasuka, si ajabu chupa ya plastiki ikatwaa nafasi yake.

Njia iliyo salama zaidi kwa wengi, yaani kuingiza mpira na kuutoa mara 4 hadi 6 kwa siku, huhitaji vitu vitatu: mipira, maji safi na mafunzo. Hesabu ya mipira ni rahisi. Mtu anayeutumia mara 5 kwa siku, akitupa kila mmoja, atahitaji 1,825 kwa mwaka. Hakuna familia ya mvuvi wa omena au mkata miwa inayoweza kuumudu mzigo huo. Ndiyo maana katika nchi nyingi maskini wagonjwa hufundishwa kuosha mpira mmoja kwa sabuni, kuukausha na kuutumia tena kwa muda. Si njia kamilifu, ila ni afadhali kuliko kibofu kilichoachwa kifurike.

Maji ndiyo kitendawili cha pili. Kaunti hizi mbili zinapakana na Ziwa Victoria, lakini familia nyingi hazina maji safi ya mfereji. Maji ya ufuoni yana kichocho, ugonjwa uliokita mizizi katika vijiji vya kando ya ziwa. Anayeambiwa aoshe mikono na mpira wake mara 5 kwa siku huwa ameambiwa, kwa lugha nyingine, amtume mtu kisimani mara nyingi zaidi.

Mtu huyo anayetumwa kwa kawaida ni mama, mke au binti. Ndiye humgeuza mgonjwa ili asipate vidonda, ndiye hufua matandiko na ndiye huamka usiku. Kazi yake haimo katika bajeti yoyote ya kaunti. Kwa mgonjwa mwenyewe, kuvuja mkojo mbele ya watu humfungia ndani kuliko kupooza kwenyewe. Kiti cha magurudumu kinaweza kumfikisha kanisani, sokoni au kwenye baraza la chifu, lakini woga wa kunuka humrudisha chumbani.

Hisia hiyo si ya kando ya ziwa pekee. Mwaka 2004, mtafiti Kim Anderson alichapisha utafiti uliowahoji watu 681 wenye majeraha ya uti wa mgongo nchini Marekani kuhusu kile ambacho wangependa kirejee kwanza. Kutembea hakukushika nafasi ya kwanza. Waliopooza mikono na miguu walitanguliza matumizi ya mikono, waliopooza miguu wakatanguliza uwezo wa tendo la ndoa, na makundi yote mawili yakaweka kibofu na haja kubwa miongoni mwa mambo ya mbele.

Hoja ya fedha na jibu lake

Upo upinzani unaostahili kusikizwa. Viongozi wa kaunti hukumbushwa kila siku kuhusu malaria, Ukimwi, vifo vya kina mama wanaojifungua na uhaba wa wahudumu. Waliovunjika mgongo ni wachache wakilinganishwa na hao. Kwa nini fedha haba zielekezwe kwao?

Jibu la kwanza ni la kisheria. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Mpira wa mkojo ni kifaa cha namna hiyo sawa na kiti cha magurudumu. Tofauti ni kwamba kiti hukabidhiwa hadharani mbele ya kamera, ilhali hakuna mwanasiasa aliyewahi kuomba kura kwa kugawa mipira ya mkojo.

Jibu la pili ni la kiuchumi. Figo zikiharibika, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine mara 2 au zaidi kila wiki, maisha yake yote. Gharama hiyo sasa huangukia Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Ni vigumu kueleza mantiki ya mfumo unaokubali kulipia figo iliyokufa huku ukisita kununua mpira ambao ungeiokoa.

Jibu la tatu, na pengine lenye nguvu zaidi, limo katika historia ya eneo lenyewe. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilianza kazi Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 likaanza kutoa dawa za kupunguza makali ya Ukimwi bila malipo katika hospitali ya umma ya mji huo. Wakati huo walikuwepo wataalamu waliodai kwamba Mwafrika wa kijijini hangeweza kumeza dawa kila siku kwa saa maalumu. Mwaka 2012, uchunguzi wa shirika hilo katika eneo la Ndhiwa uligundua kuwa asilimia 24 ya watu wazima walikuwa na virusi. Uchunguzi wa pili, mwaka 2018, ulionyesha kwamba eneo hilo hilo lilikuwa limepita malengo ya Umoja wa Mataifa ya kupima, kutibu na kudhibiti virusi.

Ndhiwa haikufika hapo kwa muujiza. Ilifika kwa orodha ya wagonjwa, kwa wahudumu waliobisha hodi nyumba kwa nyumba, na kwa daftari lililoonyesha nani hakuja kuchukua dawa. Hiyo ndiyo nidhamu ya maabara iliyoshushwa kijijini. Mfumo uliowafikia maelfu hauwezi kushindwa na watu wachache waliopooza.

Ni kweli kwamba mafanikio hayo yalibebwa kwa sehemu kubwa na wafadhili. Kusitishwa kwa misaada ya Marekani kulikoanza Januari 2025 kulidhihirisha hatari ya kuegemea ukuta wa jirani. Lakini watu waliopata ujuzi huo ni wenyeji. Aidha, mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua zaidi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii kote nchini na kuwapa mikoba ya vifaa. Mkoba wa anayehudumu Mbita au Uriri ukiongezewa mipira michache, na yeye akifundishwa dalili za hatari, mgonjwa hatalazimika kungoja hadi homa impande.

Yanayowezekana leo

Hatua zinazohitajika hazingoji uvumbuzi mpya. Hospitali za kaunti zinaweza kuweka kanuni kwamba hakuna aliyepooza atakayeruhusiwa kwenda nyumbani kabla yeye na jamaa mmoja hawajafundishwa kumwaga kibofu na kuonekana wakifanya hivyo sawasawa. Idara za afya za Migori na Homa Bay zinaweza kufungua daftari la majeruhi wote wa mgongo, wajulikane ni wangapi na wako wapi. Mipira inaweza kuingizwa katika maagizo ya kawaida yanayopelekwa kwa Mamlaka ya Ugavi wa Dawa (KEMSA), badala ya kuachiwa maduka ya dawa. Figo za kila mgonjwa zinaweza kuchunguzwa angalau mara moja kwa mwaka, kwa kuwa huharibika kimyakimya. Juu ya yote hayo, Bunge la Kaunti linalopitisha bajeti linaweza kuuliza swali moja: fungu la vifaa hivi liko wapi?

Utafiti wa kuunganisha upya neva zilizokatika unaendelea katika nchi nyingi, na huenda siku moja ukaleta tiba. Siku hiyo ikifika, tiba itawafaa tu wale watakaokuwa hai na wenye figo nzima. Wanasayansi walilitambua hilo mapema, ndipo wakapanga zamu ya kumtunza panya usiku na mchana ili asife kabla ya jibu kupatikana.

Kijana wa Karungu naye anastahili zamu yake.